MCHUNGAJI FRIEDRICH VON BODELSCHWINGH (1831–1910): BABA WA BETHELI NA MTETEZI WA WALIOFICHWA

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wetu yameelezwa maisha ya wainjilisti, wazee wa kanisa, wachungaji na wamisionari waliopanda na kushuka milima hii ya Usambara kwa ajili ya Injili. Mtu anayeelezwa katika sura hii hakukanyaga udongo wetu hata siku moja. Alizaliwa Ujerumani, akafanya kazi Ujerumani na akazikwa Ujerumani. Hata hivyo, jina la Betheli, ambalo wazee wetu walilitaja walipotaka kueleza Ukristo wao umetoka wapi, lilifika kwetu kwa njia yake. Kadhalika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, ambayo kila familia ya Kilutheri katika Dayosisi yetu imewahi kuisikia, na ambayo wengine huitaja kwa kunong'ona, ni tunda la mti alioupanda yeye. Kwa sababu hiyo Kamati ya Jubilii iliona vema maisha yake yaelezwe hapa kwa kifupi.

Kuzaliwa na malezi

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 karibu na mji wa Tecklenburg katika jimbo la Westfalia. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa wenye mashamba na vyeo. Baba yake, Ernst von Bodelschwingh, alikuwa Waziri wa Fedha na baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya mfalme wa Prussia, mpaka machafuko ya mwaka 1848 yalipomwondoa katika wadhifa huo. Kwa hiyo mtoto Friedrich alipata kuishi Berlin, akicheza na watoto wa jumba la mfalme. Mmoja wa wenzake wa utotoni alikuwa mwana wa mfalme ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Urafiki huo haukumpa kiburi, ila ulimpa ujasiri: alipokuwa mtu mzima hakuona haya kubisha hodi kwenye mlango wa mkuu yeyote kwa ajili ya maskini.

Alipokua hakufikiria kabisa kazi ya uchungaji. Alijifunza kilimo, na akiwa kijana akawekwa kuwa msimamizi wa shamba kubwa huko Gramenz katika jimbo la Pomerania. Hapo ndipo alipowaona kwa mara ya kwanza wafanyakazi wa mashambani walioishi katika ufukara, wengi wao wakizama katika ulevi. Alikuwa na desturi ya kuwagawia watoto wa wafanyakazi vijitabu vidogo vya Kikristo. Siku moja alikisoma kimojawapo yeye mwenyewe. Kilieleza habari za mtoto maskini wa Kichina aliyemjua Kristo na kutamani watu wake nao wahubiriwe. Kijitabu hicho kidogo kiliugeuza moyo wa bwana shamba. Aliamua kuwa mmisionari, na mwaka 1854 akaanza masomo ya theolojia mjini Basel, akayaendeleza Erlangen na Berlin.

Hivyo basi, mtu ambaye baadaye alituma wamisionari kwetu alianza yeye mwenyewe kwa kutamani kutumwa. Mungu alimzuia asiende mbali, akamwonyesha mataifa yaliyokuwa mlangoni pake.

Mchungaji wa wafagia barabara

Mwaka 1858 aliitwa kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Huko walikuwapo maelfu ya Wajerumani maskini, wengi wao kutoka Hessen, waliokwenda kutafuta riziki kwa kufagia barabara za mji na kuokota takataka. Watoto wao walikua bila shule na bila ubatizo. Mchungaji kijana aliwatafuta vibandani mwao, akaanzisha shule, kisha akajenga kanisa dogo juu ya kilima katika kitongoji cha wafanyakazi. Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake, naye akawa msaidizi wake mwaminifu mpaka kifo chake mwaka 1894. Mwaka 1864 walirudi Ujerumani na kuanza kazi katika usharika wa kijijini wa Dellwig.

Msiba wa Januari 1869

Wakati huo Friedrich na Ida walikuwa na watoto wanne: Ernst, Elisabeth, Friedrich na Karl. Mwezi wa Januari mwaka 1869 ugonjwa wa kifaduro uliingia nyumbani mwao. Katika muda wa majuma mawili tu watoto wote wanne walikufa, mmoja baada ya mwingine. Nyumba iliyokuwa na kelele za michezo ikawa kimya.

Sisi tulio wachungaji tunajua jinsi ilivyo vigumu kusimama mbele ya wazazi waliofiwa na mtoto mmoja. Hapa mchungaji mwenyewe alizika wanne. Alikiri baadaye kwamba katika siku zile aliona jinsi mkono wa Mungu unavyoweza kuwa mzito, na kwamba ndipo alipojifunza kuwa na huruma kwa watu. Aliandika kitabu kidogo juu ya maisha na kufa kwa watoto hao, nacho kiliwafariji wazazi wengi waliofiwa. Baada ya msiba huo Mungu aliwajalia watoto wengine wanne, Wilhelm, Gustav, Frieda na Friedrich, lakini Bodelschwingh hakuacha kuwakumbuka wale wa kwanza.

Ni lazima tulielewe jambo hili kabla ya kusoma yanayofuata. Kazi ya Betheli haikutoka katika wingi wa mali wala katika elimu ya mtu aliyefanikiwa. Ilikuja baada ya makaburi manne ya watoto.

Betheli

Mwaka 1867 Wakristo wa Rheinland na Westfalia walikuwa wamenunua shamba dogo karibu na mji wa Bielefeld ili wawatunze watu wenye kifafa. Katika zama zile mtu mwenye kifafa hakuwa na mahali. Shule ilimkataa kwa sababu aliwatisha wenzake, mwajiri alimkataa kwa sababu aliweza kuanguka mashineni au motoni, na mara nyingi nyumbani alifichwa kwa aibu. Wengine walitupwa pamoja na wagonjwa wa akili katika majumba yaliyofanana na magereza. Leo waganga wanatufundisha kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kwamba si wazimu, wala si laana, wala hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa au povu lake. Wakati ule wachache tu waliyajua hayo, na dawa ya bromidi iliyoanza kutumika katikati ya karne ya 19 ilipunguza kuanguka bila kuuponya ugonjwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1872 Bodelschwingh aliitwa kuiongoza kazi hiyo, pamoja na nyumba ya masista wa kidiakonia ya Sarepta iliyoanzishwa mwaka 1869. Mwaka 1874 mahali pale pakapewa jina la Betheli, yaani Nyumba ya Mungu, kama Yakobo alivyopaita mahali alipolala akiwa mkimbizi, jiwe likiwa mto wake. Nyumba zilizoongezwa zilipewa majina ya Biblia. Mwaka 1877 ilianzishwa Nazareti, nyumba ya mashemasi wanaume. Baadaye walipokelewa pia watu wenye maradhi ya akili, na kila aina ya wagonjwa ikawekewa nyumba na watunzaji wake.

Jambo kubwa la Betheli halikuwa majengo. Bodelschwingh alikataa kujenga jumba moja kubwa lenye ukuta na lango la chuma. Alitaka pawe kijiji. Palikuwa na mashamba, karakana za useremala na ushonaji, kiwanda cha matofali, bustani, duka la mikate, shule na kanisa. Kila mgonjwa aliyeweza kazi alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake, si kwa ajili ya faida bali kwa sababu mtu asiyehitajiwa na yeyote hufa moyoni kabla ya kufa mwilini. Fundi aliyeanguka mara mbili kwa juma alikuwa bado ni fundi, na kiti alichokitengeneza kilikaliwa na watu.

Mwaka 1884 liliwekwa wakfu Kanisa la Sayuni juu ya kilima cha Betheli. Humo waliketi pamoja masista, wagonjwa, mafundi na wageni. Mtu alipoanguka wakati wa ibada hapakuwa na mkimbio wala mshangao. Wenzake walimshika, wakamlaza salama, na ibada ikaendelea. Aliyezinduka alijikuta bado yu nyumbani mwa Bwana.

Mafundisho yake juu ya huruma

Bodelschwingh hakupenda sadaka inayomdhalilisha anayeipokea. Kufuatia mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1873, barabara za Ujerumani zilijaa watu wasio na kazi, wakitembea mji kwa mji wakiomba. Mwaka 1882 alianzisha kwa ajili yao makao ya Wilhelmsdorf, ambapo kila aliyebisha hodi alipata kitanda na chakula, naye akafanya kazi ya kugeuza nyika kuwa shamba. Mwaka 1885 alianzisha chama cha akiba ili wafanyakazi waweze kujijengea nyumba zao wenyewe, kimojawapo cha vyama vya kwanza vya namna hiyo Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulianza mradi wa kukusanya nguo na vyombo vilivyotumika, uliopewa jina kutokana na makombo ambayo Bwana Yesu aliagiza yakusanywe baada ya kuwalisha watu elfu tano. Mradi huo unaendelea mpaka leo.

Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, wakati wengine wanapostaafu, alikubali mwaka 1903 kuchaguliwa kuwa mbunge katika bunge la Prussia, si kwa kupenda siasa bali ili apiganie sheria ya kuwasaidia watu wasio na makao. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1907. Mwaka 1905 alianzisha makao ya Hoffnungstal karibu na Berlin kwa wale waliolala katika mabweni machafu ya mji, na mwaka huohuo ikafunguliwa Betheli shule ya theolojia, kwa kuwa alitaka wachungaji wajifunze wakiwa karibu na wagonjwa.

Betheli na Usambara

Mwaka 1886 kilianzishwa Berlin chama cha misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki. Ukweli ni kwamba baadhi ya waanzilishi wake walikuwa watu wa harakati za ukoloni, na walitaka misioni iende sambamba na bendera. Kazi ilianza Zanzibar na Dar es Salaam kwa shida nyingi. Mwaka 1890 Bodelschwingh aliingia katika uongozi wa chama hicho, akaanza kutuma wachungaji, mashemasi wa Nazareti na masista wa Sarepta. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo, na Injili ikaanza kuenea milimani kwetu. Mwaka 1906 makao makuu ya chama yalihamia Betheli, na kwa hiyo wazee wetu wakaiita Misioni ya Betheli. Mwaka 1907 kazi ilifika Rwanda, na mwaka 1910 ikaanza Bukoba.

Gustav, mwana wa Bodelschwingh, alikuja kuwa mmisionari Afrika Mashariki. Aliporudi kwao aliwafundisha maskini wa Westfalia kujijengea nyumba kwa matofali ya udongo usiochomwa, maarifa aliyoyapata kwa kuwatazama mafundi wa huku. Mara nyingi husemwa kwamba sisi tulipokea tu. Jambo hili linaonyesha kwamba nasi tulitoa.

Lutindi

Mwaka 1896 ilijengwa Lutindi, katika milima iliyo juu ya Korogwe, nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Chama kilichoianzisha kilikuwa kingine, lakini watunzaji wake walitoka Nazareti ya Betheli. Biashara ya watumwa ilipokoma, watoto wa namna hiyo walipungua. Ndipo katika miaka ya 1904 na 1905 nyumba hiyo ilipoanza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa hospitali ya kwanza ya aina hiyo katika sehemu hii ya Afrika Mashariki. Utaratibu wa Betheli ulifuatwa: hewa ya mlimani, kazi ya shamba na ya mikono, sala ya asubuhi na jioni, na mtunzaji aliyeishi karibu na mgonjwa.

Tusiipambe historia kupita kiasi. Lutindi ya siku zile ilikuwa pia mahali ambapo serikali ya kikoloni ilipeleka watu iliotaka waondolewe machoni. Dawa zilikuwa haba, na wako waliopelekwa mbali sana na lugha na ndugu zao. Hata hivyo hapakuwa na mahali pengine ambapo mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa mtu mwenye jina. Hospitali hiyo ingali ikifanya kazi chini ya Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki, na kazi ya mikono ingali sehemu ya tiba yake, pamoja na dawa ambazo Bodelschwingh hakupata kuziona.

Kufariki kwake, na yaliyofuata

Mchungaji Bodelschwingh alifariki Betheli tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na umri wa miaka 79. Wajerumani wengi walimwita Baba. Kazi yake ilirithiwa na mwanawe mdogo, Friedrich, nayo ikapitia jaribu kubwa kuliko yote. Baada ya mwaka 1933 serikali ya Hitler ilifundisha kwamba watu wenye magonjwa ya akili na ulemavu ni mzigo usiostahili kulishwa. Tangu mwaka 1934 wagonjwa wengi walifungwa uzazi kwa nguvu ya sheria, na Betheli yenyewe ilishiriki katika jambo hilo, ikalijutia hadharani miaka mingi baadaye. Tangu mwaka 1939 serikali ilianza kuwaua wagonjwa kwa siri. Hapo Mchungaji Friedrich kijana, pamoja na Mchungaji Braune wa Lobetal, walipinga. Braune alitiwa kizuizini mwaka 1940. Wagonjwa Wayahudi walichukuliwa kutoka Betheli mwaka huo na kuuawa, lakini wengi wa wengine waliokolewa kwa ucheleweshaji na upinzani wa watunzaji wao.

Historia hii inatufundisha kwamba huruma iliyoanzishwa na baba hailindwi na majengo yaliyoachwa. Kila kizazi hulazimika kuichagua tena, na kizazi kingine huweza kuikosea.

Neno kwa usharika wetu

Naomba wasomaji na wageni wetu wa Dayosisi waniruhusu nimalizie kwa ungamo. Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji, baada ya kutoka chuoni, palikuwa na binti katika darasa la Kipaimara aliyekuwa na kifafa. Alijua Katekisimu Ndogo kuliko wenzake wote. Siku ya Kipaimara ilipokaribia, baadhi ya wazazi waliniomba asiletwe mbele ya madhabahu, wakisema ataanguka na kuiharibu sikukuu. Nami niliogopa. Nilimwambia mama yake kwamba nitamfanyia ibada nyumbani, siku nyingine. Nilifanya hivyo, na binti aliikiri Imani bila kukosea neno hata moja, mbele yangu, mama yake na kuku waliokuwa uani. Mama alinishukuru sana. Shukrani ile imenisumbua zaidi ya miaka thelathini, kwa maana nilikuwa nimemfundisha yule mama kwamba mtoto wake ana kanisa lake la uani.

Nilikuwa nimesoma habari za Betheli chuoni, na nilipata maksi nzuri katika mtihani wa somo hilo.

Katika kurasa za kitabu hiki yamo majina ya mamia ya waliobatizwa, waliopokea Kipaimara na walioongoza. Wako wengine ambao hawamo, si kwa sababu hawakuwa wa usharika huu, bali kwa sababu tuliwaficha vyumba vya nyuma, tuliwafunga kamba, au tuliwapeleka usiku kwa waganga wa ramli na kuwanyima dawa. Bwana wetu aliposhuka kutoka mlimani, kama asemavyo Marko katika sura ya tisa, alimkuta baba aliyemleta mwanawe mwenye dalili kama za kifafa mbele ya watu wote. Hakumwambia amrudishe nyumbani. Aliagiza aletwe kwake.

Miaka mia moja ya kwanza tumejenga kanisa, shule na nyumba ya mchungaji, na kwa hayo tunamshukuru Mungu. Wazee wa kanisa wamekwisha kukubaliana kwamba mwaka huu wa Jubilii kila mtaa utahesabu na kutembelea nyumba zenye wagonjwa wa akili na wa kifafa, usaidie wafike kliniki, na uwaandalie nafasi katika benchi za mbele. Huko ndiko Bodelschwingh alikowaketisha. Atakayeanguka wakati wa ibada ashikwe na jirani yake, alazwe salama, na wimbo uendelee.